Seva ya moko: programu ikosee mezani, isikosee zahanati



Miradi mingi ya maendeleo siku hizi ina kifungu cha TEHAMA. Zahanati inataka kutuma taarifa za wagonjwa kwa simu badala ya kusafirisha makaratasi hadi wilayani. Kikundi cha kuweka na kukopa kinataka marejesho yaingie kwa njia ya simu. Shule inataka wazazi walipe ada bila kupanga foleni benki. Kamati ya mradi hukaa, hupitisha bajeti, humtafuta kijana mwenye ujuzi wa kuandika programu, na baada ya miezi michache programu huletwa mezani. Huonyeshwa, hupigiwa makofi, na kazi huanza. Matatizo nayo huanza hapo hapo: taarifa moja imeingia mara mbili, mlipaji mmoja amekatwa fedha mara mbili, au simu imeganda kwa sababu mtandao umepotea katikati ya kazi.

Makala haya yanaeleza njia moja ambayo waandaaji wa programu huitumia ili matatizo ya namna hiyo yaonekane mapema, yakiwa bado mezani kwao. Njia hiyo ni kuweka seva ya kuigiza ndani ya kompyuta ya mwandaaji mwenyewe. Hapa tutaiita seva ya moko. Maelezo yanawahusu watu wa aina mbili. Kwanza ni vijana wanaojifunza ufundi huu, wakiwemo wale wa Mazimbu. Pili ni waratibu na wajumbe wa kamati ambao hawataandika hata mstari mmoja wa programu, lakini ndio wanaoipokea kazi na kuilipia.

API ni nini?

Programu iliyo kwenye simu ya mhudumu haifanyi kazi peke yake. Nyuma yake kuna kompyuta nyingine, mara nyingi iko mbali sana, inayopokea taarifa, kuzitunza na kuzitolea majibu. Kompyuta hiyo ndiyo seva. Simu na seva huelewana kwa utaratibu uliokubaliwa mapema, na utaratibu huo ndio unaoitwa API.

Mfano mzuri ni dirisha la posta au la benki. Mteja haruhusiwi kuingia ndani na kufungua makabati. Anapewa fomu, anaijaza kwa mpangilio uliowekwa, anaipitisha dirishani, kisha anarudishiwa jibu: ama risiti, ama fomu yenyewe ikiwa na maelezo ya kilichokosekana. Simu nayo hupeleka ombi kwa mpangilio uliowekwa, na seva hurudisha jibu.

Majibu hayo yana namba zinazotumika dunia nzima. Namba 200 maana yake ni sawa. 201 ni kwamba kumbukumbu mpya imeandikwa. 400 ni kwamba ombi halikujazwa vizuri. 401 ni kwamba mwombaji hajajitambulisha. 404 ni kwamba kilichoombwa hakipo. 409 ni kwamba kilicholetwa kinagongana na kilichopo. 503 ni kwamba huduma haipatikani kwa sasa. Anayeandika programu ya simu anatakiwa kujua programu yake itafanya nini kwa kila namba. Ipo pia hali moja isiyo na namba, nayo ni kutojibiwa kabisa. Hiyo tutaieleza kwa kirefu baadaye, maana ndiyo inayoumiza zaidi.

Mifano ya hapa kwetu

Wasomaji wa Morogoro hawana haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Mazimbu, ambako chama cha ANC cha Afrika Kusini kiliendesha chuo cha Solomon Mahlangu hadi mwaka 1992 kilipokabidhiwa kwa Tanzania, leo ni Kampasi ya Solomon Mahlangu ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA). Miongoni mwa masomo ya shahada ya chuo hicho ni infomatiki, yaani elimu ya kompyuta na matumizi ya taarifa.

SUA ndiyo makao ya SACIDS, taasisi inayoshughulikia magonjwa ya binadamu na ya wanyama kwa pamoja. Mwaka 2014 wataalamu wa afya, wataalamu wa mifugo na waandaaji wa programu walikutana Arusha kufanya kazi pamoja, na kutokana na juhudi hizo ikapatikana AfyaData. Hii ni programu ya simu za Android ambayo watu wa vijijini waliopewa mafunzo huitumia kuripoti dalili za magonjwa kwa watu na kwa wanyama. Fomu hujazwa hata pasipo mtandao, hutunzwa ndani ya simu, kisha hutumwa kwenye seva mtandao unapopatikana. Anayeijua barabara ya Mgeta au ya Kinole anaelewa mara moja kwa nini utaratibu huo ni wa lazima. Milima ya Uluguru huzuia mawimbi ya simu, na mtu akivuka kona moja tu anaweza kukosa mtandao.

Mfano wa pili unagusa kila zahanati. Takwimu za vitabu vya MTUHA huingizwa katika mfumo wa kompyuta uitwao DHIS2. Mfumo huu ni tunda la mradi wa HISP, ulioanza Afrika Kusini mwaka 1994 na kuendelezwa na Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norwei. Hapa Tanzania Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kuujenga, na kufikia mwisho wa mwaka 2013 ulikuwa umeenezwa nchi nzima.

DHIS2 ina API yake. Programu ya nje ikitaka kupeleka takwimu, hutaja mambo manne ya msingi: kipengele cha takwimu, kipindi (kwa mfano 202405 kwa mwezi Mei 2024), kituo, na idadi. Seva hujibu kwa kutaja takwimu ngapi zimeingizwa, ngapi zimesasishwa na ngapi zimepuuzwa. Angalia neno hilo la mwisho. Programu inayosoma tu kwamba "jibu limekuja" itamwambia mhudumu kuwa kazi imekwisha, kumbe mistari mitatu imepuuzwa kwa sababu kipengele kimoja kimeandikwa vibaya.

Kwa nini tusijaribie kwenye seva halisi?

Swali hili huulizwa mara nyingi na kamati. Kama seva ipo, gharama ya kutengeneza nyingine ya kuigiza ni ya nini? Sababu ziko tano.

1. Taarifa ni za watu. Majaribio huacha uchafu: wagonjwa wasiokuwepo, malipo ya uongo, idadi zisizo na maana. Uchafu huo ukiingia katika takwimu halisi unaweza kufika mezani kwa mtu anayeamua dawa ziende wapi.

2. Sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Taarifa za afya zina ulinzi wa pekee chini ya sheria hiyo. Kumpa mwandaaji aliye bado kwenye majaribio majina na magonjwa ya watu, ili tu aone kama kitufe kinafanya kazi, ni jambo gumu kulitetea.

3. Mtandao. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za SEACOM na EASSy zilikatika, na intaneti ikadhoofika katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwa miongoni mwa zilizoathirika sana. Aliyekuwa na seva ya moko katika kompyuta yake hakuhitaji waya wa baharini ili kuendelea na kazi. Hata katika siku za kawaida, kijana anayenunua bando kwa fedha yake hana sababu ya kulimaliza kwa kurudia jaribio moja mara mia.

4. Kusubiri. Kibali cha kuunganishwa na mfumo wa Serikali au wa kampuni ya simu huchukua muda. Kazi ya kuandika programu inaweza kuendelea wakati barua zinashughulikiwa, mradi utaratibu wa API umeandikwa na unajulikana.

5. Seva halisi haikosei kwa kuagizwa. Hii ndiyo sababu kubwa kuliko zote. Huwezi kumpigia simu msimamizi wa mfumo wa taifa na kumwomba auzime kwa dakika mbili ili uone programu yako itafanya nini. Seva ya moko unaiagiza izime, ichelewe, ikatae au ikate mawasiliano katikati, nayo hutii.

Ni kweli kwamba taasisi kubwa huweka viwanja vya majaribio kwenye intaneti. Waandaaji wa DHIS2 wana seva ya maonyesho yenye takwimu za mfano wa nchi ya Sierra Leone. Kampuni ya Safaricom ya Kenya ilifungua mfumo wake wa Daraja mwaka 2017 kwa ajili ya waandaaji wanaotaka kuunganisha programu zao na M-Pesa, na una uwanja wa majaribio. Vodacom Tanzania nayo ina uwanja wa namna hiyo kwa M-Pesa ya hapa. Viwanja hivi ni vizuri na vitumike. Lakini vinahitaji intaneti, na havikupi uhuru wa kuchagua kosa unalotaka kulijaribu. Seva ya moko hutangulia, viwanja hivi hufuata.

Maana ya moko

Kila mzazi mwenye mtoto wa darasa la saba au kidato cha nne anaujua mtihani wa moko. Maswali hufanana na ya mtihani wa taifa, muda ni ule ule, usimamizi ni ule ule, lakini matokeo yake hayaandikwi kwenye cheti. Mwanafunzi akianguka, ameanguka mahali pazuri, kwa kuwa bado ana miezi ya kujirekebisha.

Seva ya moko ni hivyo hivyo. Ni programu ndogo inayokaa ndani ya kompyuta ya mwandaaji na kujifanya seva halisi. Programu ya simu ikiomba, moko hujibu kwa mpangilio ule ule ambao seva halisi ingejibu. Nyuma yake hakuna hifadhi ya taifa wala benki, bali majibu yaliyoandaliwa tu. Programu ya simu haijui tofauti, na haitakiwi kuijua.

Walimu wanajua pia kwamba moko ikiwa rahisi kuliko mtihani wenyewe humdanganya mwanafunzi. Anapata alama za juu mwezi wa nane, halafu anashangazwa na matokeo ya taifa. Jambo hilo ndilo kiini cha makala haya. Seva ya moko inayosema "sawa" kwa kila ombi haifundishi kitu. Thamani yake iko katika kukataa.

Namna ya kuiweka

Hatua ya kwanza ni kuandika utaratibu. Kabla ya kugusa chombo chochote, andika kwenye karatasi: programu itaomba nini, kwa anwani ipi, ikipeleka vitu gani, na itegemee majibu gani, mazuri na mabaya. Upo mtindo wa kuandika utaratibu huu unaoeleweka na kompyuta pia, uitwao OpenAPI. Ukiandikwa mara moja kwa mtindo huo, faili hiyo hiyo huweza kutumiwa kutengeneza moko na kukagua kazi.

Hatua ya pili ni kuchagua chombo. Vipo vingi, na hivi vinne hupakuliwa bila malipo. JSON Server ndicho chepesi kuanza nacho, nacho huhitaji kompyuta yenye Node.js. Mockoon ina dirisha lenye vitufe na humfaa asiyependa kuandika amri. WireMock, inayotumia Java, ina uwezo mkubwa wa kuigiza hitilafu. Prism husoma faili ya OpenAPI na kukataa maombi yasiyofuata utaratibu. Pakua siku ambayo mtandao ni mzuri. Ukishaviweka kwenye kompyuta, hutahitaji intaneti tena.

Hatua ya tatu ni kuiwasha. Kwa JSON Server, andika faili ndogo, tuiite moko.json, yenye maneno haya:

{ "taarifa": [ { "id": "1", "kituo": "Zahanati ya Mfano", "kipindi": "202405", "kuhara": 7 } ] }

Kisha, katika dirisha la amri, ukiwa ndani ya folda yenye faili hiyo, andika:

npx json-server moko.json

Fungua kivinjari kwenye anwani http://localhost:3000/taarifa na utaona taarifa yako imerudi. Neno localhost maana yake ni "kompyuta hii hii", na 3000 ni namba ya mlango ambao moko inasikilizia. Programu ikituma taarifa mpya kwenye anwani hiyo, moko huiongeza ndani ya faili, nawe unaweza kuifungua na kuhesabu kwa macho.

Hatua ya nne ni kuiunganisha na simu. Hapa wengi hukwama, kwa sababu simu nayo ikiambiwa localhost huelewa "simu hii hii", na ndani ya simu hakuna moko. Ukitumia simu ya kuigiza ya Android iliyo ndani ya kompyuta, kompyuta yenyewe hufikiwa kwa anwani 10.0.2.2. Ukitumia simu ya kweli, iunganishe na kompyuta kwa Wi-Fi moja, iagize moko isikilize maombi yanayotoka nje ya kompyuta, kisha tumia anwani ya kompyuta katika mtandao huo, ambayo mara nyingi huanza na 192.168. Fahamu pia kwamba tangu Android 9 ya mwaka 2018, simu hukataa anwani za http zisizo na ulinzi isipokuwa programu imeruhusu. Ruhusa hiyo itolewe kwa toleo la majaribio tu.

Jambo la mwisho hapa: anwani ya seva isiandikwe katikati ya programu. Ikae katika faili ya mipangilio, ili siku ya kuhama kutoka moko kwenda seva halisi ibadilishwe mahali pamoja tu.

Ifundishe kukataa

Sasa tufike kwenye ile hali isiyo na namba. Chukua mfano wa mhudumu katika zahanati ya mlimani. Saa nne asubuhi anaripoti wagonjwa watatu wa kuhara. Anabonyeza "Tuma". Taarifa inafika kwenye seva na inaandikwa. Kabla jibu halijarudi, mtandao unapotea. Simu inasubiri sekunde 30, kisha inaonyesha kwamba kutuma kumeshindikana. Mhudumu, kwa uaminifu wake, anabonyeza tena, na safari hii inapita.

Mhudumu hajakosea. Seva haijakosea. Hata hivyo kwenye kumbukumbu sasa kuna wagonjwa sita badala ya watatu. Anayesoma wilayani anaona ugonjwa umepanda maradufu kwa siku moja. Atatoa gari na dawa bure, au vibaya zaidi, baada ya kudanganywa mara kadhaa ataacha kuziamini taarifa za zahanati hiyo, na siku kipindupindu kikija kweli hatastuka.

Badili wagonjwa uweke fedha, na madhara ni yale yale. Mama amelipa gharama za mtoto kwa simu, jibu limepotea njiani, karani anamwambia alipe tena.

Dawa ya tatizo hili inajulikana. Taarifa ipewe kitambulisho chake na simu, wakati inapojazwa, kabla ya kutumwa. Ikitumwa mara ya pili, inakwenda na kitambulisho kile kile, na seva inatambua kwamba hii ni ile ile. DHIS2 inaruhusu jambo hilo: taarifa ya tukio moja moja inaweza kuja na kitambulisho chake cha herufi na tarakimu 11, kinachoanza na herufi. Takwimu za jumla za mwezi nazo zina kinga ya asili, kwa sababu kipengele, kipindi na kituo vikiwa vile vile, idadi mpya hukaa mahali pa ile ya zamani bila kujumlishwa nayo. Lakini programu iliyoandikwa bila kufikiria jambo hili, ikipeleka matukio moja moja bila kitambulisho, haina kinga yoyote.

Utajuaje kama programu yako inayo? Iagize moko ipokee taarifa, iiandike, kisha ikae kimya sekunde 60 kabla ya kujibu. Mockoon ina sehemu ya kuweka ucheleweshaji, na WireMock inaweza hata kukata mawasiliano ghafla. Tuma taarifa, subiri simu ikate tamaa, tuma tena. Halafu hesabu kumbukumbu zilizo kwenye moko. Ikiwa ni moja, umefaulu. Ikiwa ni mbili, umeanguka moko, na umeanguka mahali pazuri. Hakikisha tu kwamba moko yenyewe inafuata utaratibu wa seva halisi kuhusu vitambulisho, vinginevyo hesabu hiyo haina maana.

Majaribio mengine yasiyopaswa kukosekana ni haya:

(a) Moko ijibu 401 katikati ya kazi, kana kwamba muda wa kuingia umekwisha. Je, fomu aliyokwisha kuijaza mhudumu inabaki, au inafutika?

(b) Moko ijibu 503 mara tatu, kisha ijibu vizuri. Je, simu inarudia yenyewe kwa nafasi, au inabisha mfululizo hadi betri iishe?

(c) Moko ijibu kwamba takwimu tano zimeingizwa na mbili zimepuuzwa. Je, mhudumu anaambiwa ni zipi?

(d) Moko irudishe orodha tupu. Je, skrini inasema "hakuna taarifa", au programu inafunga ghafla?

(e) Moko irudishe taarifa 5,000 kwa mara moja. Je, simu ya bei nafuu inazimudu?

(f) Kwa malipo, moko ikubali ombi, kisha ilete jibu la mwisho baadaye, au isilete kabisa.

Hili la mwisho linahitaji maelezo. Katika malipo ya simu, jibu la kwanza husema tu kwamba ombi limepokelewa. Jibu lenyewe huja baadaye, pale mteja anapoweka namba ya siri au anapokataa, na seva ya kampuni ndiyo inayolipeleka kwenye anwani uliyoisajili. Katika Daraja, kwa mfano, 0 maana yake ni malipo yamefanikiwa, 1 ni salio halitoshi, na 1032 ni kwamba mteja ameghairi. Kompyuta mpakato iliyo kwenye chumba cha mwanafunzi Mazimbu haina anwani ambayo seva ya kampuni inaweza kuifikia moja kwa moja kupitia intaneti. Moko huondoa tatizo hilo kwa kuwa iko ndani ya kompyuta hiyo hiyo: inapokea ombi, inasubiri sekunde kadhaa, kisha inaleta jibu lolote utakaloliagiza.

Mipaka ya moko

Tusije tukaitukuza kupita kiasi. Moko inajua tu yale uliyoiambia. Ukikosea kuelewa utaratibu wa seva halisi, moko itakosea pamoja nawe, na nyote wawili mtakubaliana kwa furaha. JSON Server, kwa mfano, hupokea karibu kila unachoipa. Ukiandika "kuharra" badala ya "kuhara" itakishukuru kipengele hicho na kukitunza. Seva halisi isingekubali.

Aidha, seva halisi hubadilika. Toleo jipya hutoka, sehemu ya jibu huhamishwa, kipengele kipya huwa cha lazima. Moko iliyotengenezwa mwaka juzi itaendelea kusema mambo ya mwaka juzi. Kwa hiyo kila toleo jipya linapotangazwa, mtu mmoja aliyepewa jukumu hilo alinganishe majibu ya moko na majibu ya uwanja wa majaribio ulio rasmi, na kurekebisha tofauti.

Vilevile moko haipimi wingi wa watumiaji, haipimi usalama wa seva halisi, na haiwezi kukuambia kama mhudumu ameuelewa ukurasa wa programu. Mambo hayo yana majaribio yake. Na taarifa za watu halisi zisiwekwe ndani ya moko hata siku moja. Tunga majina, tunga namba za simu, tunga magonjwa. Faili ya moko hunakiliwa kwenye flashi na kupelekwa huku na huko, na kilicho ndani yake huenda nayo.

Maswali kwa kamati

Mjumbe wa kamati asiyejua kompyuta hana sababu ya kukaa kimya programu inapoletwa. Maswali yafuatayo hayahitaji utaalamu, na majibu yake yataonyesha mengi:

1. Mlijaribia wapi? Kama ni kwenye seva halisi, taarifa za majaribio zimefutwa na nani, na lini?

2. Mtuonyeshe sasa hivi, hapa mezani, simu ikituma wakati mtandao umekatika katikati. Kumbukumbu zimekuwa ngapi?

3. Seva ikikataa, mhudumu ataona maneno gani, na kwa lugha ipi?

4. Faili ya moko na maandishi ya utaratibu wa API tutakabidhiwa pamoja na programu?

5. Mfumo tuliounganishwa nao ukitoa toleo jipya, nani atalinganisha, na malipo yake yametajwa wapi?

Swali la pili lisiachwe. Onyesho ambalo kila kitu kinakwenda vizuri halijathibitisha chochote, maana zahanati za milimani hazifanyi kazi katika siku za namna hiyo. Swali la nne nalo lina uzito wake. Vijana huhama, hupata ajira mijini, na anayekuja kuendeleza kazi huhitaji mahali pa kuanzia. Aliyeachiwa moko iliyoandikwa vizuri huanza kazi siku ya kwanza, bila kusubiri kibali wala kugusa jina la mgonjwa hata mmoja.

Ni vyema basi mambo haya yaandikwe katika mkataba tangu mwanzo: kwamba mwandaaji atatengeneza seva ya moko, atafanya majaribio (a) hadi (f) mbele ya mwakilishi wa kamati, na malipo ya awamu ya mwisho yatatolewa baada ya majaribio hayo kupita. Kazi hiyo kwa kijana mwenye ujuzi ni ya siku chache. Kusafisha takwimu za mwaka mzima zilizoingia mara mbili ni kazi ya miezi, na kurudisha imani ya mama aliyelipishwa mara mbili huchukua muda mrefu zaidi.